Kifua Kilipotulia

Shemeji yangu ni fundi wa cherehani, na watu wote wanamwita Sikio. Masikio yake si makubwa kupita ya wengine, ingawa dada yangu, aliyekuwa mke wake, alikuwa akisema kwamba hata hayo hakunyimwa. Jina lilitokana na namna yake ya kufanya kazi. Ukimpelekea cherehani mbovu hakukuuliza ina nini. Aliiweka mezani, akachukua bisibisi ndefu yenye mpini wa mbao, ncha akaigusisha kwenye mwili wa mashine na mpini akauweka sikioni. Mkono mwingine ukazungusha gurudumu polepole, macho kayafumba, utadhani anasikiliza umbea wa jirani kupitia ukutani. "Meno yamelegea," atasema. Au, "Kuna uzi umejisokota chini ya bobini." Akifungua, anakuta hivyo hivyo.

Kazi ikiisha, hakutia kitambaa kujaribu. Mafundi wengine hushona kipande wakaangalia mshono, yeye aliona huo ni ushamba. Mashine ikishazunguka kimya, aliipangusa kwa kitambaa chenye mafuta na kumwambia mwenyewe achukue. Mteja akitaka kuijaribu pale pale, Sikio alikunja uso kama ametukaniwa wazazi. "Mashine nzima haina la kusema," ndiyo ilikuwa kauli yake, na aliitoa hata pale ambapo hakuna aliyeuliza.

Mimi nilimtania sana, maana yeye ni shemeji na utani tulikuwa nao wa kutosha. Nilimwambia kwamba kama alipenda kimya namna hiyo, angeoa bubu. Alinijibu kwamba alitafuta, lakini kwetu hakumpata hata mmoja. Dada alicheka hadi akashika kifua, na sote tukaacha kucheka, tukamtazama.

Dada alikuwa na pumu tangu utotoni. Namkumbuka akiwa amekaa kitandani, mikono ameikaza magotini, mabega yamepanda hadi masikioni, mama akimpepea kwa mfuniko wa sufuria. Wasio na pumu hudhani taabu ni kuvuta hewa ndani. Dada aliniambia sivyo. "Kuingiza naingiza, mdogo wangu. Kutoa ndiko kunanishinda. Nimejaa hewa mbovu na hakuna pa kuiweka nyingine. Nakuwa kama mto uliojazwa hadi mshono unataka kupasuka."

Aliijua mito, kwa sababu ndiyo iliyokuwa kazi yake. Nyumba yao ilikuwa na chumba cha mbele kilichokuwa karakana ya shemeji, na chumba cha nyuma ambamo dada alishona mito ya viti na ya kulalia. Katikati palining'inia pazia, shuka kuukuu lenye maua yaliyofifia. Huko nyuma kulijaa magunia ya pamba na sponji zilizochanwachanwa, na dirisha halikufunguliwa wakati wa kazi, maana upepo kidogo tu ungepeperusha pamba nyumba nzima. Ukiingia mchana wa jua, ungeona vumbi jeupe likielea kwenye mwanga. Mimi nikikaa humo kwa muda mfupi nilianza kupiga chafya. Nilimwambia mara nyingi atafute kazi nyingine. Alinijibu kwamba hii ataiacha siku mimi nitakapomtafutia nyingine.

Hospitalini walimpa inhela mbili, vile vikopo vya dawa ya kuvuta kwa mdomo, ya bluu na ya kahawia. Ya bluu ni ya kufungua kifua kikishabana. Ya kahawia ni ya kutumia kila siku, hata akiwa mzima, ili njia za hewa zisiwe zinavimba kwa ndani. Ya bluu aliipenda kwa sababu aliona kazi yake. Ya kahawia akaiacha. "Navuta, sisikii kitu," alisema, na Sikio akamuunga mkono. Hapo ndipo nashindwa kumwelewa mtu huyu, maana ndiye aliyekuwa akiwagombeza washonaji kila siku kwamba mashine hupakwa mafuta kabla haijaanza kulia. Nadhani mtu anaweza kuwa na akili kwenye meza yake tu, akiondoka hapo anaiacha na vifaa.

Hata hivyo, sitaki mtu aseme kwamba hakumjali mkewe. Alimjali hadi akachosha. Kila jioni kabla ya chakula alimgeuza, akaweka sikio mgongoni mwake, akafumba macho. "Leo kuna mluzi kidogo upande wa kulia," anasema. Siku moja alithubutu kumwekea mpini wa bisibisi, na dada akacheka mpaka akapaliwa. Na mara nyingi alikuwa sahihi. Mluzi ukija, dada anavuta inhela ya bluu, mluzi unapungua, unakwisha, dada anaamka na kurudi kwenye mito yake akiimba. Ilikuwa hivyo mwaka baada ya mwaka. Kifua kikilia, kuna tatizo. Kikinyamaza, limekwisha. Hata binti yao alijifunza hesabu hiyo. Walimwita Bobini, kama kile kigurudumu cha uzi ndani ya cherehani, kwa kuwa alikuwa mdogo na hakutulia mahali, na akimwona mama yake amekaa kimya alimwekea sikio mgongoni, akafumba macho kama baba yake, akatangaza, "Mzima."

Siku yenyewe mimi sikuwepo. Nilikuwa kazini, napika kwenye kantini ya kiwanda upande wa pili wa mji. Ninayoyasema niliyapata kwa mama mmoja mshonaji wa sare za shule, ambaye alikuwa amepeleka cherehani yake kwa Sikio na akakaa kuisubiri, na mengine niliyapata kwa Bobini.

Juma lile dada alikuwa na kazi ya mito ya ukumbi mpya, na mwenye ukumbi alikuwa na haraka. Alijaza pamba kutwa nzima kwa siku kadhaa mfululizo. Kitambaa alichojifunga puani alikishusha shingoni, maana alisema kinamnyima hewa. Asubuhi hiyo kifua kilimbana mapema. Alivuta inhela ya bluu, akapata nafuu, kikarudi. Akavuta tena. Kufika mchana alikuwa akiitikisa na haikutoa kitu. Sikio akamwekea sikio mgongoni, akasikia mluzi pande zote mbili, akamwambia, "Ngoja nimalize hii mashine ya mama, halafu twende hospitali." Dada akaitikia kwa kichwa tu.

Mshonaji alisema mluzi ulisikika mpaka barazani. Kisha dada akaita kutoka nyuma ya pazia. Akasema, "Baba," akakata. Akavuta hewa. Akasema, "Bo," akakata tena. "Bini."

Sikio alijibu bila kuinua kichwa, lakini kwa upole. Mshonaji alinisisitizia upole huo, kama vile ungenisaidia. "Usiongee, mke wangu," alimwambia. "Unajichosha. Pumzika, nakuja sasa hivi."

Baada ya hapo mluzi ukaanza kupungua. Sikio akasimamisha gurudumu, akainua kidole. "Umesikia?" akamwambia mteja wake. "Mluzi unakwisha wenyewe." Mluzi ukawa mwembamba, ukawa wa kusikilizia, kisha haukuwepo. Akaenda kufunua pazia. Dada alikuwa amejiegemeza kwenye rundo la mito, kichwa kimelala begani, macho nusu wazi, uso una jasho. Alionekana kama mtu aliyechoka akapitiwa na usingizi. Sikio akalirudisha pazia taratibu, akarudi kwa kunyata.

Akazima redio. Akamwomba mama yule wazungumze kwa sauti ya chini. Mashine ilikuwa imebaki kusikilizwa tu, na hakuizungusha, asije akamwamsha mkewe. Wapita njia waliomsalimia aliwajibu kwa kuinua mkono. Bobini alipotoka shule akikimbia na mkoba unampiga mgongoni, baba yake alimdaka mlangoni. "Vua viatu," akamnong'oneza. "Mama amepata usingizi."

Saa ile naifikiria hadi leo. Nyumba nzima ilikuwa inamtunzia dada yangu ukimya, na yeye alikuwa anakufa ndani yake, hatua chache kutoka kwa watu wanaompenda.

Bobini ndiye aliyeona. Aliingia kwa kunyata kuchukua kanga ya kuvaa, akatoka akamuuliza baba yake kwa sauti ile ile ya kunong'ona mbona midomo ya mama imekuwa rangi ya jivu.

Walimpeleka hospitali kwa gari la mizigo la jirani muuza mbao, dada amelazwa juu ya magunia, kichwa mapajani mwa Sikio. Mimi nilipigiwa simu, nikakuta wameshamtia kwenye chumba cha dharura. Wauguzi walikuwa wakimsukumia hewa kwa mfuko na barakoa, mtungi wa oksijeni umesimama kichwani kwake, na kifua chake kilikataa. Muuguzi mmoja alikuwa akibinya ule mfuko kwa mikono miwili na ukawa mgumu kama mpira uliojaa. Baadaye wakaacha. Sikio hakuwepo ndani, alikuwa ametolewa nje, anamshukuru mwenye gari na kumwambia asisubiri, kwamba mgonjwa akipata dripu watarudi kwa miguu.

Daktari aliyetoka alikuwa mwanamke wa umri wangu, macho mekundu kwa uchovu. Aliniuliza kifua kilikuwa kikilia tangu lini. Nikamwambia nilivyoambiwa, kwamba kililia tangu asubuhi, mchana kikatulia, akalala. Akanivuta pembeni, tukakaa kwenye benchi.

"Ule mluzi ni hewa inayopita kwenye njia iliyobana," akaniambia. "Maadamu unausikia, hewa inapita, ingawa kwa taabu. Njia zikibana zaidi na makohozi yakaziba, hewa haipiti tena, sasa mluzi utatoka wapi? Kifua kinanyamaza. Damu inazunguka haina oksijeni, ubongo unaanza kuzimika, mtu anasinzia. Nyumbani wanasema amepata nafuu."

"Kwa hiyo alipotulia," nikasema.

"Alipotulia hali ilikuwa mbaya kuliko wakati wote. Lakini mngeweza kukimbia hata kabla ya hapo, alipoanza kushindwa kumaliza sentensi. Mtu wa pumu kifua chake kinaweza kukudanganya. Msikilize maneno yake. Akikupa maneno mazima, bado ana hewa. Akianza kukupa vipande, usingoje."

Hakunilaumu. Alinishika bega, akaenda kwa mgonjwa mwingine. Mimi nilibaki nimekaa na mkoba wa dada mapajani, na nilipomwona Sikio akija kwenye korido, uso wake bado una matumaini, nilimchukia kama sijawahi kumchukia binadamu.

Msibani alisema maneno yale yale kwa kila aliyekuja kumpa pole. "Nashukuru kitu kimoja. Hakuteseka mwisho. Kifua kilitulia kabisa, akalala, akaondoka usingizini." Watu walitikisa vichwa, wakasema hiyo nayo ni heri. Wanawake jikoni walilirudia kwa wenzao, kwamba angalau alipumzika kwanza. Nilikuwa namenya viazi na nusura nijikate kidole. Jioni nilimwita mama nyuma ya nyumba, nikamweleza alivyosema daktari, nikamwambia kwamba kesho yake nitampasulia ukweli.

Mama alijifuta uso kwa upindo wa kanga. Kisha akaniambia, "Mwanangu, aliyekufa amekufa. Huyu ana mtoto wa kulea. Ukimwambia hilo, utanizikisha wawili. Mwache na hicho alichonacho." Nikatii. Mama ndiye aliyezika mtoto, nisingeweza kubishana naye siku ile.

Niliomba ruhusa kazini, nikabaki kwao niwapikie mpaka Bobini azoee. Sikio alirudi kwenye meza yake, akawa anasikiliza mashine kama zamani. Chumba cha nyuma hakukigusa. Mito ya ukumbi ilikuwa bado pale, mingine imeshonwa, mingine wazi na pamba inachungulia, na Bobini akawa anakwenda kulala juu yake akitoka shule, kwa sababu ina harufu ya mama yake. Nani angekuwa na moyo wa kumtoa? Alianza kukohoa. Sikio akaanza kumwekea sikio mgongoni jioni, kabla ya chakula, macho amefumba, na mimi nikawa naondoka kwenda jikoni nisione.

Ilikuwa asubuhi ya Jumamosi. Nilikuwa nimetoka kununua mboga, nikaingia kupitia karakana. Bobini alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, mikono ameikaza magotini. Baba yake alikuwa amepiga goti nyuma yake, shavu limegusa mgongo wa gauni lake. Akaniona, akatabasamu. Tangu mazishi sikuwa nimeona meno yake.

"Usihofu, shemeji," akasema. "Kifua kiliamka na mluzi mkali, nikaogopa. Sasa kinatulia. Mluzi karibu unakwisha. Njoo usikilize."

Bobini aliinua macho kunitazama. Ni mtoto mwenye adabu, hata siku ile hakusahau. "Shika," akasema. Kamba za shingo zikamtoka. "Moo." Akavuta tena, na mfupa wa kifua ukaingia ndani. "Mama." Mimi ni mama mdogo wake, lakini "mdogo" halikufika.

Mboga zilinidondoka. "Ondoa sikio hapo," nikamwambia Sikio.

"Shemeji, nasema kinatulia."

"Dada naye alitulia. Ule ukimya ndio uliomuua. Hewa ilikuwa haipiti, ndiyo maana hukusikia kitu. Alikuwa anakufa, wewe ukawaambia watu wavue viatu."

Nilisema hivyo hivyo, mbele ya mtoto. Ningeweza kutafuta maneno laini, lakini sikuyatafuta. Uso wa Sikio haukubadilika. Nadhani maneno yalikuwa bado hayajafika, lakini miguu ilishayasikia, maana alikwishambeba Bobini na kutoka mbio, pekupeku, kuelekea kwa muuza mbao.

Garini nilimpakata mtoto amekaa wima, nikamwegemeza mbele kidogo. Sikio alining'inia nyuma ya kiti cha dereva. Tukiwa njiani akaniuliza, sauti imekauka, "Sasa mtu atajuaje?"

"Maneno," nikamwambia. "Msikilize maneno yake."

Akainama mpaka uso wake ukawa karibu na wa mwanawe. "Ongea, mwanangu. Niambie jana shuleni mlifanya nini." Bobini akajaribu. Akatoa neno moja, akapumzika, akatoa nusu. Sikio akawa anamwomba, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa mwanamume mzima, aongee tu, aseme chochote, hata amtukane. Tulipofika langoni mwa hospitali, Bobini alikuwa akisogeza midomo tu.

Walimpokea haraka. Wakamvalisha barakoa ya oksijeni, wakaunganisha mashine ya mvuke wa dawa, wakamchoma sindano, wakambana kidole kwa kile kibanio chenye taa nyekundu kinachosoma oksijeni ya damu. Tulisimama ukutani. Tarakimu zilikuwa chini, zikakaa chini, na hakuna sauti iliyotoka kifuani mwa yule mtoto. Sikio alikuwa ameshika kitasa cha mlango kwa mikono yote miwili.

Ndipo mluzi ukaanza. Kwanza mwembamba, kisha ukajaa chumba kizima, ule mluzi mbaya niliokua nao nyumbani kwetu. Sikio akashtuka, akamgeukia muuguzi, akamwambia, "Mluzi unarudi."

"Ndiyo, baba," muuguzi akasema, bila kuacha kazi yake. "Hewa imeanza kupita. Acha kifua kipige kelele."

Sikio aliteremka na ukuta, akakaa sakafuni, akalia. Alilia akiwa ameelekeza sikio upande wa kitanda.

Jioni Bobini alipolala usingizi wa kweli, tarakimu zimepanda na kukaa, tulitoka tukakaa kwenye benchi la korido, lile lile nililokaa na daktari. Alikuwa anatazama miguu yake yenye vumbi.

"Mama yenu anajua haya?" akaniuliza.

"Anajua."

Akaitikia kwa kichwa. Nilingoja anigombeze kwa kumficha, na nilikuwa nimejiandaa, nilikuwa na maneno yangu makali niliyoyatunza tangu msibani. Hakunigombeza.

"Aliniita," akasema. "Alisema Baba Bobini. Kwa vipande. Nilikuwa nasikiliza kifua. Nikamwambia asiongee."

Maneno yangu makali sijui yalikwenda wapi. Niliyatafuta, sikuyapata. Nilitaka kumwambia hakujua, lakini hilo alilijua, na halikumsaidia kitu. Muuguzi akatuita, tukainuka pamoja.

Kesho yake alitoa magunia ya pamba yote. Mito iliyokwisha alimpelekea mwenye ukumbi, mingine akaichoma nyuma ya nyumba, amesimama upande ambao moshi haukuenda kwa watu, akiwa peke yake. Aliosha chumba kwa maji, kuta na dari, akafungua dirisha ambalo halikufunguka vizuri tangu waingie nyumba ile, ikabidi alitoe bawaba na kulipiga randa. Pazia la maua alilifua, akalikunja, akaliweka kabatini. Inhela ya kahawia inakaa kando ya mswaki wa Bobini, na kila asubuhi mtoto anaivuta huku baba yake akimwangalia, kifua kiwe kimebana au hakikubana.

Kazi yake imebadilika, na wateja wananung'unika. Bisibisi ya mpini wa mbao anafungulia skrubu tu. Akimaliza mashine anatia kitambaa, anashona mshono mrefu, anaukagua mbele ya dirisha, anashona mwingine. Ukimwambia mbona inazunguka kimya kabisa, hajibu hilo. Anakusukumia kitambaa. "Shona nione," anasema.

Mimi nilirudi kazini, lakini nakwenda kwao kila nikipata nafasi. Ni nyumba ya kelele siku hizi. Bobini akiamka anasimama mlangoni na kumwamkia baba yake, na Sikio hajibu mpaka shikamoo iwe nzima, imetoka kwa pumzi moja na jina lake nyuma. Ikitoka nzima, anasema marahaba na kukaa. Baada ya hapo mtoto anaruhusiwa kuongea atakavyo. Anaongea akila, anaongea akifua, anaongea baba yake akiwa na mteja, anasimulia mambo yasiyo na kichwa wala miguu, na hakuna anayemkatiza. Nami sijamsamehe Sikio moja kwa moja, sitaki kudanganya. Kuna siku namtazama pale mezani, nanyanyuka nakwenda jikoni. Lakini tunakula sahani moja, na utani umeanza kurudi kidogo kidogo.

Muhula uliopita Sikio aliitwa shuleni, akaniomba nimsindikize. Mwalimu wa darasa ni mtu mpole, alitukalisha, akatupa maji. Akasema Bobini ana akili, tatizo lake ni moja, mdomo haufungi. Anaongea mwalimu akifundisha, anaongea wenzake wakiandika. Amehamishwa dawati mara kadhaa na kote alikopelekwa amepata marafiki wa kuongea nao. Akamwomba mzazi amsaidie kumfundisha kukaa kimya.

Sikio alisikiliza mpaka mwisho, kofia mkononi. Akasema anaomba radhi kwa usumbufu, na kwamba mwalimu akiona vyema amketishe nyuma, au karibu na mlango, popote ambapo hatawasumbua wenzake.

"Lakini mwache aongee, mwalimu," akasema. "Siku ukiona amenyamaza, ndipo uniite."